Dawa za shambani na mtoto anayekua: mambo ya kujua mama na mlezi

Msimu wa mpunga unapoanza katika bonde la Usangu, nyumba nyingi za Rujewa na vijiji vya jirani huwa na dawa za shambani: dawa ya magugu, dawa ya wadudu na, baada ya mavuno, dawa ya kuhifadhia nafaka. Kwa jina rasmi zote huitwa viuatilifu. Zinasaidia kuokoa mazao, lakini ni sumu. Anayedhurika nazo kwa urahisi zaidi si lazima awe yule aliyebeba bomba la kupulizia. Mara nyingi ni mtoto aliye tumboni, anayenyonya au anayetambaa.

Makala hii inaeleza kwa nini iko hivyo, na hatua ambazo mama au mlezi anaweza kuchukua hata kama familia inategemea kilimo.

Kwa nini mtoto hudhurika zaidi

Mwili wa mtu mzima umekwisha kujengwa. Wa mtoto bado unajengwa, na kila kiungo kina wakati wake.

- Ubongo na uti wa mgongo huanza kama mrija mdogo, ambao hufunga mnamo siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo moyo nao umeanza kupiga. Wanawake wengi hawajajua bado kwamba ni wajawazito.
- Viungo vikuu huanza kuchukua umbo katika miezi miwili ya kwanza ya mimba.
- Vichujio vya figo huacha kuongezeka karibu na wakati wa kuzaliwa. Idadi ambayo mtoto anazaliwa nayo ndiyo atakayoishi nayo.
- Mapafu huendelea kuongeza vifuko vya hewa baada ya kuzaliwa.
- Ubongo hukua kwa kasi kubwa tumboni na katika miaka miwili ya kwanza, kisha huendelea kujipanga hadi utu uzima.

Sumu ikiingia wakati kiungo kinajengwa, inaweza kuharibu hatua ambayo haitarudiwa. Ndiyo maana kiasi ambacho mama hakukihisi kabisa kinaweza kumgusa mtoto.

Zipo sababu nyingine. Ukilinganisha kwa uzito, mtoto mchanga huvuta hewa nyingi na kunywa maji mengi kuliko mtu mzima. Ini lake bado halijawa na nguvu ya kuvunja sumu. Anacheza chini, na kila anachoshika hukipeleka mdomoni.

Dawa hizi hufanya nini kwenye mishipa ya fahamu

Kundi la dawa za wadudu lililochunguzwa sana huitwa oganofosfeti. Wadudu hufa kwa sababu dawa hizo huvuruga mishipa yao ya fahamu, na mishipa yetu hufanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Mshipa mmoja hupeleka ujumbe kwa mwingine kwa kutumia kemikali inayoitwa asetilikolini. Ujumbe ukifika, kimeng'enya maalumu huifuta kemikali hiyo ili mshipa upumzike. Oganofosfeti huzuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo ujumbe hauzimiki. Kwa mtu aliyepata sumu nyingi, misuli hutetemeka, mate humtoka na pumzi hukata. Katika ubongo unaojengwa, kemikali hiyohiyo husaidia pia kuongoza jinsi chembe za neva zinavyokua na kuungana. Ikivurugwa, hata kidogo kidogo, ubongo unaweza kujengeka tofauti.

Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, walianza kufuatilia wajawazito wa bonde la Salinas, eneo la mashamba makubwa ya mboga. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kuwa watoto wa miaka 7 ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi ya dawa hizo kwenye mkojo wakati wa ujauzito walipata, kwa wastani, pointi 7 pungufu katika kipimo cha akili, wakilinganishwa na watoto ambao mama zao walikuwa na mabaki machache zaidi. Umoja wa Ulaya uliacha kuruhusu dawa moja ya kundi hili, klopairifosi, mwaka 2020. Mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiondoa duniani, kukiwa na misamaha kwa baadhi ya matumizi.

Zamani iliaminika kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu zote. Mji wa Minamata, Japani, ulionyesha vinginevyo. Ugonjwa wa watu wa huko ulitambuliwa mwaka 1956, na baadaye ikajulikana kwamba walikuwa wakiugua kwa kula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Akina mama waliokuwa na dalili ndogo, au wasio na dalili kabisa, walizaa watoto wenye madhara makubwa ya ubongo. Jambo hili liwe onyo pia kwa familia zinazochenjua dhahabu kwa zebaki, kama ilivyo kwa baadhi ya wachimbaji wadogo wa Chunya: zebaki isichomwe nyumbani wala karibu na mjamzito au mtoto.

Sumu humfikiaje mtoto

- Kupitia kazi ya mama: kupulizia, kuchanganya dawa, au kupalilia jaruba lililopuliziwa muda mfupi uliopita.
- Kupitia nguo na mikono ya baba anayerudi kutoka kupulizia na kumpakata mtoto kabla ya kuoga.
- Kupitia maji ya mfereji, hasa pale mabomba yanapooshewa.
- Kupitia vyombo: dumu la dawa kuwekewa maji au mafuta ya kupikia, au dawa kupimwa kwenye chupa ya soda.
- Kupitia mboga na nyanya zilizopuliziwa karibu na siku ya kuvunwa.
- Kupitia ndege. Serikali ikipulizia kwelea kwelea, usiwaokote waliokufa kwa kitoweo. Fenthioni, dawa inayotumika sana Afrika kwa kazi hiyo, ni ya kundi la oganofosfeti.
- Kupitia nafaka chumbani. Vidonge vya kufukizia nafaka hutoa gesi inayoweza kuua watu waliolala. Magunia yenye vidonge yasikae kabisa katika nyumba ya kulala.
- Kupitia tiba zisizofaa, kama kumpaka mtoto dawa ya shambani ili kuua chawa.

Unachoweza kufanya

Ukiwa mjamzito, ukitarajia kupata mimba au ukinyonyesha, usichanganye dawa, usipulizie wala usioshe bomba. Zungumza na mume au ndugu mapema, kabla ya msimu, ili kazi hiyo ifanywe na mtu mzima mwingine mwenye vifaa vya kujikinga. Kijana mdogo asipewe bomba badala yako.

Usiingie jaruba lililopuliziwa mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Kama muda haukuandikwa, usiwe chini ya siku moja.

Aliyepulizia avue nguo nje, aoge kwa sabuni, ndipo ashike mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake, mbali na nepi na nguo za watoto. Anayezifua asiwe mjamzito, na maji yake yasimwagwe mferejini.

Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ikiwa kwenye chombo chake chenye lebo. Mstari mwekundu kwenye lebo huonyesha sumu kali zaidi. Hufuata njano, bluu, kisha kijani. Kijani pia si ruhusa ya kuizoea. Fungia dawa nje ya nyumba ya kulala, juu, mbali na watoto. Chombo kitupu kisuuzwe mara tatu, maji hayo yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, kisha kitobolewe kisitumike tena.

Anza kliniki mapema na umeze vidonge vya madini chuma na foliki asidi unavyopewa. Foliki asidi husaidia mrija wa ubongo na uti wa mgongo kufunga vizuri, ingawa haiondoi sumu mwilini.

Usiache kunyonyesha kwa hofu ya dawa. Faida za maziwa ya mama ni kubwa sana. Oga na ubadilishe nguo kwanza, kisha nyonyesha.

Mtoto akipata sumu

Dalili ni pamoja na mate mengi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kutetemeka, kulegea, kupumua kwa shida au degedege.

1. Mtoe kwenye dawa. Mvue nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi, bila kuchelewesha safari.
2. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala dawa ya kienyeji.
3. Mwahishe kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Wilaya ya Mbarali. Kwa sumu ya oganofosfeti ipo dawa, atropini, lakini hutolewa na mhudumu wa afya.
4. Beba chombo au lebo ya dawa, kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.

Kama tayari umegusana na dawa

Mama wengi wanaposoma haya hukumbuka siku waliyopulizia bila kujua kuwa ni wajawazito. Kugusana na dawa mara moja hakumaanishi kwamba mtoto ataathirika. Mweleze mkunga au muuguzi jina la dawa na lini uliitumia. Mtoto akizaliwa, mpeleke kliniki kila tarehe, na useme mapema ukiona anachelewa kukaa, kutembea, kusikia au kuongea. Kuchelewa huko kuna sababu nyingi, na msaada ukianza mapema humfaa mtoto, sababu iwe ipi.

Kila unapopunguza dawa inayomfikia, unapunguza hatari. Anza leo na moja: toa dawa ndani ya nyumba mnamolala.