Mingoyo

Mingoyo ni kata ya Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, karibu na mahali Mto Lukuledi unapoingia katika hori ya Lindi. Umuhimu wake umetokana zaidi na mahali ilipo kuliko zao lolote: hapa maji ya bahari hukutana na bonde linalopanda kuelekea Ndanda na Masasi. Huenda ikadaiwa kwamba ukoloni ndio ulioikuza, kwa kuwa reli nyembamba ilijengwa kutoka hapa kwenda bara, na baada ya mwaka 1947 Waingereza, kwa ajili ya mpango wao wa karanga (ulioshindwa vibaya), wakajenga nyingine kutoka Mkwaya, jirani, hadi Nachingwea. Lakini reli zote mbili zimekwisha kung'olewa, na njia ya bonde ingali ikitumika. Ni bonde hilohilo majeshi yalilolipigania mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hadi mapigano ya Mahiwa mwezi Oktoba. Wakazi hutegemea minazi, korosho, ufuta, mpunga na uvuvi. Katika njiapanda ya Mnazi Mmoja, barabara ya Masasi huungana na ile ya Lindi–Mtwara.