Hamira iliyozibiwa njia

Katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani ilikwama. Meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimefunga bahari, na mafuta ya mimea yakawa hayaingii. Kwa akina mama hilo lilikuwa tatizo la jikoni. Kwa majenerali lilikuwa tatizo la baruti. Glisirini, malighafi ya nitroglisirini, ilitokana na mafuta yale yale wanayochemshia sabuni.

Wakemia wawili, Connstein na Lüdecke, wakaigeukia hamira. Walitia chumvi za salfaiti ndani ya mapipa ya sukari iliyokuwa ikichachuka. Salfaiti ilinasa asetaldehaidi, kitu ambacho hamira hukipitia ikielekea kwenye pombe. Njia yake ya kawaida ikawa imezibwa, na hamira ikamwaga glisirini. Uzalishaji ulifika takriban tani 1,000 kwa mwezi. Vita vikaisha, mafuta yakarudi, na mapipa yakakosa kazi.

Mbinu ile ya kuziba njia ingerudi, ila kwanza hamira ilipitia petroli. Huko Lavéra, karibu na Marseille, Mfaransa Alfred Champagnat wa kampuni ya BP alilisha hamira nta iliyomo kwenye mafuta ghafi ili apate protini ya kulishia mifugo. Dunia ilishangilia, na mwaka 1976 UNESCO ilimtunuku tuzo ya sayansi. Lakini mafuta ghafi yalikuwa yameshapanda bei tangu 1973, na huko Italia, ambako kiwanda cha tani 100,000 kwa mwaka kilikuwa kimejengwa Sarroch, Sardinia, wakuu wa afya walihofia mabaki ya petroli katika nyama. Mradi ukafa.

Kilichobaki ni ujuzi, na kwa maoni yangu huo ulikuwa na thamani zaidi kuliko ile protini. Wanasayansi walikuwa wameizoea Candida tropicalis, hamira inayokula nta na mafuta bila taabu.

Mwaka 1992 Stephen Picataggio na wenzake, wakiwa katika maabara za kampuni ya Henkel nchini Marekani, walitangaza walichoifanyia hamira hiyo. Asidi ya mafuta ni msururu wa kaboni, na hamira huutafuna kuanzia ncha moja, kaboni mbili mbili, mpaka uishe. Walizivuruga jeni mbili zinazoanzisha utafunaji huo. Hamira hii ina nakala mbili za kila jeni, kwa hiyo ilibidi kuzima nakala nne, moja baada ya nyingine. Ikishindwa kutafuna, hamira iligeukia ncha ya pili na kuitia oksijeni, na msururu ukatoka mzima, una asidi kila upande, kama mnyororo wenye kulabu pande zote mbili. Kulabu mbili ndizo zinazotakiwa kiwandani: msururu wa kaboni 12 huunganishwa na kuwa nailoni 612, ambayo hutengenezewa nywele za baadhi ya miswaki.

Na kaboni 12 hazitoki mbali. Karibu nusu ya asidi zilizomo kwenye mafuta ya nazi, na vilevile kwenye mafuta ya mise, yaani kokwa za mchikichi, wanayotengenezea sabuni Kigoma, ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12 kamili.

Picataggio baadaye akawa mwanasayansi mkuu wa Verdezyne, kampuni ya California iliyotaka kuifanya kazi hii kwa mafuta ya mimea peke yake. Miongoni mwa waliotia mtaji walikuwamo BP, wale wale wa Lavéra. Mwaka 2014 ikaingia Sime Darby ya Malaysia, mkulima mkubwa wa michikichi, na kiwanda kikapangwa kujengwa Johor. Lakini pipa la mafuta ghafi, lililokuwa zaidi ya dola 100 katikati ya mwaka huo, lilishuka chini ya dola 30 mwanzoni mwa 2016, na malighafi ya petroli ikawa nafuu. Mwaka 2018 Sime Darby iliacha kutoa fedha na Verdezyne ikafungwa.

Wakati huohuo kampuni ya Cathay ya China imekuwa ikiuza asidi hizo za hamira kwa wingi duniani. Chakula kikuu cha hamira yake kimekuwa nta ya petroli. Kwa hiyo, msomaji, ukisikia kampuni inaahidi kwamba hamira na mafuta ya mimea vitaifukuza petroli viwandani, usiulize kama hamira inaweza. Uliza tani ya mafuta ya mise inauzwaje, na pipa la mafuta ghafi liko dola ngapi.