Gari Linalonusa Mafuta

Ndugu msikilizaji, wiki iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu kutafuta gari. Amestaafu, na kiinua mgongo chake kimeshaingia benki. Tulianzia Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya vipuri, tukiuliza ni magari gani yasiyosumbua kwa vipuri. Kisha tukashika Barabara ya Nyerere, ambayo watu wa siku nyingi bado wanaiita Barabara ya Pugu, tukawa tunaingia yadi moja na kutokea nyingine.

Moyo wa mwenzangu uliangukia gari kubwa jeusi, la injini ya silinda sita. Dalali alipoona macho yamenasa akasema, "Mzee, hili halinywi mafuta, linanusa tu." Mwenzangu akacheka, akanigeukia: "Unaikumbuka Jumapili saa nane?"

Vijana wanaotusikiliza huenda wasielewe swali hilo. Sisi tulioishi Dar es Salaam miaka ile tunalielewa sana.

Oktoba 1973 vilizuka vita kati ya Israeli na nchi za Kiarabu. Waarabu wenye mafuta wakapunguza uzalishaji, na bei ya pipa, iliyokuwa karibu dola 3, ikafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Sisi tulikuwa na mtambo wa TIPER pale Kigamboni tangu 1966. Lakini kusafisha mafuta si kuyachimba. Mafuta ghafi yalinunuliwa nje, kwa fedha za kigeni zilizotokana na pamba, kahawa na mkonge. Ukame nao ukatulazimisha kununua chakula nje. Kabla hatujapumua, Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Mwaka 1979, mapinduzi ya Iran yakaipandisha bei tena, hata 1980 pipa likapita dola 30.

Katika miaka hiyo ikaja amri. Siku ya Jumapili, kuanzia saa nane mchana, gari la mtu binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Ukienda kumjulia hali mgonjwa, ulikaa jicho likiwa kwenye saa. Na gari lenyewe hukwenda kulichagua yadini. Uagizaji ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation.

Kwa wengi wasio na gari, shida ile ilikuwa shida ya basi. UDA, iliyoanzishwa 1974, ilielemewa na abiria huku mabasi yakilala kwa kukosa vipuri. Mwaka 1983 serikali ikayaruhusu mabasi ya watu binafsi, tunayoyaita daladala. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Katika miaka ya Mzee Mwinyi mlango ukafunguka zaidi, na magari yaliyokwishatumika Japani yakaanza kumiminika bandarini. Yadi tulizozizungukia wiki iliyopita ni matunda ya mageuzi hayo.

Ndugu msikilizaji, zamani kubana mafuta kulikuwa ni amri. Leo ni hiari ya mnunuzi, na hapo ndipo penye hatari. Mafuta yetu bado yanakuja kwa meli, na bei yake bado inaamuliwa mbali. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, petroli hapa Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Hakuna askari aliyesimamisha magari Jumapili. Bei yenyewe ndiyo iliyokuwa askari, na watu wengi wakaacha magari nyumbani.

Basi tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa tukapiga hesabu. Tuseme mtu anatembea kilometa 40 kwa siku. Gari linalokwenda kilometa 8 kwa lita litakula lita 5. Linalokwenda kilometa 16 litakula lita 2 na nusu. Kwa siku 25 za mwezi tofauti ni lita 62 na nusu. Kwa bei ya shilingi 3,000, hizo ni shilingi 187,500 kila mwezi, na mstaafu hana mshahara wa kuzifidia.

Tulirudi kutazama Vitz na IST. Dalali akapoa kidogo. Mwenzangu akaketi nyuma ya usukani, akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Majirani watasema nimestaafu vibaya."

Hilo ndilo neno lililonifanya nizungumze nanyi leo. Wengi wetu hatununui gari, tunanunua macho ya majirani. Lakini jirani anayesifu gari lako hachangii petroli. Miaka ile ya foleni za mafuta hatukumheshimu mtu kwa ukubwa wa injini. Tulimheshimu aliyefika kazini, na aliyempa mwenzake lifti.

Nilimwambia rafiki yangu kwamba kiinua mgongo hutolewa mara moja. Akichagua gari dogo, achague bila haya. Na siku ambazo basi la mwendokasi linamfikisha Gerezani, alipande, gari lipumzike. Kabla hujatia saini mbele ya dalali, ndugu msikilizaji, chukua kalamu na karatasi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.