Mtemi na shoka lake

Vitabu vingi hufasiri "mtemi" kuwa mfalme, na msomaji wa Mpanda akajikuta anawaza Uingereza ya karne ya 12, Stephen na Matilda wakigombea kiti kwa damu. Neno lenyewe lina habari nyingine. Wengi hulitoa kwenye kutema, kazi ile ile ya shoka kwenye miombo ya Katavi: pigo la mshazari, kibanzi kinaruka, kisiki kinabaki, shamba linaanza. Wapo wasemao ni kukata shauri. Kwangu maana zote mbili zinamweka mtemi kazini, si vitani.

Atakayepinga atataja Unyanyembe, ambako Mnywa Sere na Mkasiwa walipigania utemi hadi Mnywa Sere akauawa mwaka 1865. Ni kweli, na vita vilikuwa vikali. Wafanyabiashara Waarabu walimbeba Mkasiwa kwa kuwa mwenzake aliwatoza ushuru. Lakini vita viliamua nani akalie kiti, havikukipa kiti jina. Hata Mirambo, aliyetikisa njia za misafara hadi kifo chake mwaka 1884, aliitwa mtemi. Wapiganaji wake walikuwa na neno lao: rugaruga.