Mchu, mti ambao majahazi hayakuutaka

Lamba jani la mchu, utakuta chumvi. Mti huu hufyonza maji ya bahari, kisha huitoa chumvi kwa majani, ndiyo maana hustawi kwenye ukingo wa bahari na pia ndani zaidi, kwenye tope kavu ambako mikoko mingine hushindwa. Kiukoo ni jamaa wa mbali wa rehani na kivumbasi, na nyuki huyafuata maua yake madogo yenye rangi ya machungwa.

Historia ya mikoko ya delta ya Rufiji, Tanzania, husimuliwa kwa boriti. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, yakapakia miti iliyohesabiwa kwa korija, yaani 20 kwa 20, na kusi ikayarudisha. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba za kale, huku kwetu na huko Ghuba. Boriti hizo zilikuwa za mkoko halisi, msinzi na mkandaa, miti iliyonyooka. Mchu, uliopinda na kutawanya matawi tangu chini, uliachiwa matanuri ya chokaa na vyungu vya kuchemshia chumvi.

Linalonigusa zaidi ni hili: Oman, mchu ndio mkoko pekee unaoota. Waomani huuita qurm, na mtaa wa Qurum jijini Muscat umepata jina kwake. Mabaharia wa huko walivuka bahari kutafuta miti ambayo mwambao wao haukuwapa. Hata jina la kisayansi la mchu, Avicennia, alilolitoa Linnaeus mwaka 1753, linamuenzi tabibu Ibn Sina.

Wajerumani waliiweka mikoko ya Rufiji chini ya hifadhi mwaka 1898. Walitaka boriti na magome ya kutengenezea ngozi, na hapo pia mkoko halisi na mkandaa ndiyo iliyokuwa na soko. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchini.

Lakini kaskazini mwa delta, ambako maji baridi ya mto yamezidi, wakulima wamefyeka mikoko wapande mpunga. Miaka michache ikipita, magugu na kaa hulishinda shamba, likaachwa. Mchu huwahi kurudi hapo: mbegu zake huelea na maji ya kujaa, huvua ganda na kushika tope. Kampeni nyingi za upandaji huchagua mkoko halisi, kwa kuwa mche wake mrefu huchomekwa tu. Wilayani Kibiti, iliko delta hiyo, ningeanza na mashamba hayo yaliyoachwa, na mchu uliokwisha kuyarudia ningeulinda.