KISU HUSIFIWA KWA NCHI AU KWA MAKALI?



Kila tunapokutana hapakosi mabishano baada ya chakula, na safari iliyopita yalianzia kwenye chungwa. Mwenzetu mmoja alitoa kisu cha kukunja mfukoni, akalimenya, kisha akakiinua na kusema: "Hiki ni cha Mjerumani. Hamtakipata tena." Mwingine akajibu kwamba siku hizi vyote vinatoka Uchina, havina maana. Mara meza nzima ikagawanyika, huyu Uingereza, yule Uswisi. Mimi mtu wa Igalula nilinyamaza, maana nina deni la zamani katika jambo hili, nami nataka kulilipa leo kwa njia ya historia.

Deni lenyewe ni hili. Tulipokuwa wanafunzi, siku moja tulipelekwa kukata nyasi na kamba za miti za kuezekea banda. Mimi nilikuwa na kisu cha kukunja chenye jina la nchi moja ya Ulaya ubavuni, nami nililionyesha jina hilo kwa kila aliyetaka kuona na asiyetaka. Mwenzangu mmoja wa huko huko kwetu alikuwa na kisu kifupi ndani ya ala ya ngozi, kilichofuliwa na babu yake kutokana na springi ya lori. Nilikicheka mbele ya wenzetu, nikakiita kisu cha porini. Kabla ya adhuhuri kisu changu kilikuwa kimepinda makali, na msumari wa mpini umelegea. Yeye alimaliza kazi yake, kisha akamaliza na yangu bila kusema neno. Lakini tangu siku hiyo sikukiona tena kisu chake hadharani. Makali yake yalishinda, walakini kicheko changu ndicho kilichobaki.

Je, nchi ilinidanganya, au nilijidanganya mwenyewe? Tuanze na barabara yetu wenyewe. Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, fedha ya njia ile ilikuwa nguo, shanga na waya. Nguo iliyopendwa kuliko nyingi ilikuwa merikani, ile ya pamba isiyotiwa rangi, iliyopimwa kwa mikono, shuka na doti. Iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba mabegani hadi bara, na wenye kuuza chakula njiani waliijua kwa kuishika tu.

Kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe ikazuka Marekani, 1861 hadi 1865, pamba ikaadimika. Viwanda vya Uingereza na Bombay vikaona nafasi. Kabla karne ile haijaisha, merikani nyingi iliyouzwa Afrika Mashariki haikuwa imeiona Marekani hata mara moja. Nchi iliondoka, jina likabaki! Mnunuzi aliyetegemea jina peke yake alipewa chochote. Aliyeitegemea mikono yake, akavuta uzi na kupima uzito, ndiye aliyejua alichonunua.

Kwa upande wa visu vyenyewe, kisa kikubwa kilitokea Ulaya. Sheffield ya Uingereza ilikuwa na sifa kubwa ya visu, na Solingen ya Ujerumani ilikuwa mpinzani wake. Waingereza walilalamika kwamba visu duni vya Kijerumani vinagongwa majina ya Sheffield na kuuzwa kama vyao. Wala Wajerumani wenyewe hawakukana udhaifu wao: mwaka 1876, kwenye maonyesho ya Philadelphia, profesa wao Franz Reuleaux alisema wazi kwamba bidhaa za nchi yake ni za bei rahisi na mbovu. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyotaka bidhaa za kigeni zilizobeba alama za kudhaniwa ni za Kiingereza zitaje zilikotengenezwa. Nia ilikuwa mnunuzi asome "Ujerumani" akimbie. Lakini Wajerumani walitengeneza mambo yao, na haikupita miaka kumi Mwingereza mmoja, E. E. Williams, akaandika kitabu, 1896, cha kuwaonya wenziwe kwamba bidhaa hizo zimejaa nyumbani mwao. Alama ya aibu ikageuka alama ya heshima. Mwaka 1938 Ujerumani ikatunga sheria ya kulilinda jina la Solingen, lisigongwe kwenye kisu cha mahali pengine.

Angalieni basi: nchi ile ile, mji ule ule, na katika maisha ya mtu mmoja visu vyake vilidharauliwa, kisha vikatukuzwa. Kama ubora ungekuwa katika udongo wa nchi, jambo hili lisingewezekana.

Kisu ambacho wengi wetu tunakijua kinatoa ushahidi mwingine. Okapi, kile chenye mpini wa mti uliopambwa mwezi na nyota, na pete ya kuvuta ili kikunjike, kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni yake ya Afrika. Wakati huo Tabora ilikuwa chini ya Wajerumani. Jina lilitoka kwa mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa ndio kwanza wamempa jina la kisayansi mwaka 1901. Mwaka 1988 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Kwa hiyo mtu anayesema "Okapi ni cha Mjerumani" huenda ameshika kisu cha Mwafrika na hajui.

Basi nini hufanya kisu? Ni chuma, moto na mkono. Chuma kitupu ni laini. Kikichanganyika na kaboni kidogo, pengine chini ya sehemu moja katika mia, huwa pua, ambayo wazee wa pwani wakiisifia upanga huiita feleji. Pua hiyo hupashwa hadi iwe nyekundu, huzamishwa ghafla katika maji au mafuta ipate ugumu, kisha hupashwa tena kidogo isije ikavunjika kama kioo. Atakayeruka hatua moja ataharibu, awe Sheffield au Igalula. Springi ya lori ni pua nzuri tayari. Babu yule hakuwa na siri, alikuwa na subira.

Wala ujuzi huo si mgeni kwetu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba mafundi wa Buhaya walikuwa wakipata pua katika tanuri zao yapata miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Majembe ya Warongo wa Uzinza yaliletwa kuuzwa Tabora, na katika Unyamwezi jembe lililipiwa hata mahari. Hakuna atoaye mahari kwa kitu asichokiamini.

Je, nasema nchi si kitu? La hasha. Nchi ni kitu pale inapokuwa na watu wanaokagua, sheria inayomuumbua mdanganyifu, na vijana wanaofundishwa kazi. Hicho ndicho walichokifanya Wajerumani baada ya kuaibishwa. Sisi nasi tulianzisha Shirika la Viwango kwa sheria ya 1975. Wala nisiwadanganye: nimewahi kununua kisu cha mhunzi wa kwetu kikavunjika siku ya pili. Kusifu cha nyumbani bila kukipima ni upofu ule ule niliokuwa nao mimi, umegeuzwa upande tu.

Kwa hiyo, wadogo zetu, mkitaka kisu, msianze kwa kusoma jina. Kifungueni muone kama kinacheza kwenye msumari. Kata kijiti kikavu, kisha tazama makali kwenye mwanga kama yamepinda. Mwulizeni muuzaji kama atakirudisha kikiharibika. Ndipo msome nchi.

Nilipopita Igalula mara ya mwisho nilikwenda mahali palipokuwa kiwanda cha babu yule. Mivukuto haipo, na wajukuu hakuna aliyerithi nyundo. Mwenzangu nilimkuta. Nilimwomba radhi, akacheka, akaingia ndani akatoka na kile kisu. Kimenolewa hata kimekuwa chembamba, lakini kinakata.