Dhahabu ya Ziwani na Ioni Chanya

Mtu atokaye Mwanza kwenda Geita hukuta karasha zikisaga mawe, na kando yake marudio, yaani mchanga uliokwisha kupitishwa kwenye zebaki, yakingoja kuchenjuliwa kwa sianidi. Zebaki huikumbatia dhahabu ikiwa bado metali. Sianidi, ambayo njia yake iligunduliwa na MacArthur na wenzake huko Glasgow mwaka 1887, huiyeyusha: atomu ya dhahabu hupoteza elektroni moja, hushikwa na sianidi mbili, na kundi zima huwa na chaji hasi. Katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya haidrokloriki, uyeyushao dhahabu tangu kale, hali ni hiyo hiyo: dhahabu huzungukwa na kloridi 4, na chaji ni hasi. Basi mchenjuaji wa ziwani huiyeyusha dhahabu kila siku, wala haioni ikisimama katika umbo la ioni chanya. Mwanaisimu atakumbuka mizizi ya vitenzi isiyotamkwa pasipo viambishi.

Ili ioni chanya idumu, yapasa pasiwe karibu na kitu chenye elektroni za kuigawia. Hall na Conant walileta jina la superasidi mwaka 1927. Siku hizi laitwa hivyo lile lizidilo nguvu asidi tupu ya salfuriki. Katika miaka ya 1960 George Olah, Mhungaria aliyehamia Marekani, alitumia pentafloridi ya antimoni, akazihifadhi ioni chanya za kaboni zilizokuwa zikidhaniwa tu, akazipima kwa mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1994.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ukafunguliwa mwaka 2000. Mwaka huo huo Seidel na Seppelt wa Berlin, waliokuwa wakitafuta floridi sahili ya dhahabu, walitangaza jambo ambalo hawakulitarajia. Ndani ya superasidi, zenoni, gesi isiyopenda kuungana na chochote, ilikuwa imeishika dhahabu. Fuwele zilikuwa nyekundu iliyokoza; eksirei zilionyesha atomu moja ya dhahabu katikati ya zenoni 4 zilizopangika mraba, na chaji mbili chanya.

Limebaki jina. “Tindikali kali” hurudia ukali mara mbili, na “asidi kuu” yaleta picha ya cheo. Mimi napendelea “asidi shadidi”, ijapokuwa walimu wa kemia ndio watakaolikubali au kulitupa.